Mbiru, Ujamaa na Tatizo la Neno "Itikadi" katika Uhakiki wa Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, dhana ya itikadi imepewa chumba kidogo. Mwanafunzi anayechambua riwaya hufundishwa kutenga dhamira, ujumbe, msimamo, mtazamo na falsafa. Itikadi huja baadaye, mara nyingi kama kisawe cha mojawapo ya hivyo vitatu vya mwisho. Kwa uelewa huo, itikadi ni mali ya mwandishi: ni yale anayoyaamini, ambayo ameyaficha ndani ya matini kama mtu afichavyo akiba kibindoni, na kazi ya mhakiki ni kumpekua. Makala haya yanadai kuwa uelewa huo ni finyu, na kwamba tukio moja la historia ya Upare linaudhihirisha ufinyu huo kuliko mjadala wa kinadharia peke yake.

Sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe. "Itikadi" limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kufunga fundo, uliotupa pia "akdi" ya ndoa. Msikilizaji wa Kiswahili hupokea picha ya imani iliyofungwa moyoni. Dhana iliyotafsiriwa kwa neno hilo ina nasaba nyingine. Destutt de Tracy, aliyeliunda neno lake mwaka 1796, alikusudia sayansi ya mawazo. Marx na Engels, katika maandishi yao ya 1845–46, waliligeuza liwe jina la mawazo ya tabaka tawala yanayojitokeza kana kwamba ni mawazo ya watu wote. Althusser, katika insha yake ya 1970, aliiondoa itikadi vichwani akaiweka katika taasisi na vitendo: shule, kanisa, familia. Kwa hoja yetu, anayefaa zaidi ni Voloshinov (1929), ambaye husomwa kidogo mno kwetu. Kwake, ishara ileile hutumiwa na makundi yenye masilahi yanayopingana, na kila kundi huitia lafudhi yake. Siasa za Tanzania zimelisukuma neno upande mwingine: tulikuwa na chuo cha itikadi Kivukoni, na chama tawala kina katibu wa Itikadi na Uenezi. Itikadi ikawa kitu cha kuenezwa, kama mbegu bora. Lafudhi hazina nafasi katika picha hiyo.

Sasa tutazame Same. Katika miaka ya 1940, watawala wa jadi wa Upare, wakishirikiana na serikali ya kikoloni, walianzisha kodi ya madaraja, yaani kila mtu alipe kwa kadiri ya mali yake, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Kodi hiyo iliitwa "mbiru", jina la ushuru ambao zamani watu waliwatolea watawala wao. Upinzani ulianza mwaka 1944. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana. Kufikia 1947 mfumo huo ulikuwa umeachwa na kodi ya kiwango kimoja ikarudi. Masimulizi kamili yamo katika kijitabu cha Isaria Kimambo cha 1971, ambacho hadi leo ndicho mahali pa kuanzia kwa yeyote anayeitafiti habari hii.

Kimambo anaisoma mbiru kama upinzani wa umma, naye yuko sahihi. Hata hivyo, mhakiki wa lugha ana jambo la kuongeza. Kuichukua kodi mpya na kuivika jina la ushuru wa kale ni kitendo cha kiitikadi kwa maana kamili ya neno, ingawa hakimhitaji mtu yeyote awe na imani. Ofisa wa wilaya hakulazimika kuamini kwamba analipwa ushuru wa mababu. Mtawala naye hakulazimika. Ilitosha neno lifanye kazi mezani, pale jina la mtu linapoandikwa na mbuzi wake wanapohesabiwa. Anayetafuta "msimamo" wa mtunzi wa jina hilo atapekua kibindo kitupu.

Hapa linatokea swali gumu, na sidhani linafaa kukwepwa. Kodi ya madaraja, kwa mizani ya haki ya kijamii, ni bora kuliko kodi ya kiwango kimoja inayomtoza maskini sawa na tajiri. Je, basi, Wapare walikuwa na ufahamu potofu? Walishawishiwa na wenye mali kupigania masilahi ya wenye mali? Msomaji wa haraka wa Marx atajibu ndiyo. Jibu hilo linapuuza nani alikuwa anakadiria. Kipimo cha mali ya mtu kilikuwa mikononi mwa watawala na watu wao, ambao wangeweza kumpunguzia ndugu na kumwongezea adui. Kiwango kimoja kilikuwa na fadhila moja kubwa: hakikumpa mkubwa sababu ya kuingia zizini. Walichokataa wakulima kilikuwa ukadiriaji huo pamoja na jina lililouhalalisha. Dhana ya ufahamu potofu humfanya mhakiki awe hakimu kabla hajawa msikilizaji.

Wala tusidhani kwamba kabla ya ukoloni Upare ulikuwa nje ya itikadi. Kitabu cha Kimambo cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kinaonyesha jinsi Wasuya walivyowapokonya Washana, ukoo wa wahunzi, utawala wa Ugweno, na jinsi jando la msituni, mshitu, lilivyofanywa nguzo ya dola. Althusser angeitambua taasisi hiyo mara moja.

Tunaweza sasa kurudi kwenye fasihi kupitia neno jingine. Nyerere alipolichagua "ujamaa" mwaka 1962, naye alilichukua neno la uhusiano wa kale akaliita kwalo jambo jipya. Kwa nini mbiru ilishindwa ndani ya miaka michache, na ujamaa ukadumu kwa kizazi kizima? Pendekezo langu ni hili. Mbiru ilikuwa taasisi yenye kumbukumbu. Mzee wa Usangi angeweza kuuliza ilitolewa lini, kwa nani na kwa malipo gani, kisha akaonyesha kwamba kodi hii siyo ile. Jamaa wapo kila nyumba, lakini "ujamaa", kwa kile kiambishi chake cha u-, haukuwahi kuwa taasisi ambayo mtu angeweza kuidai masharti yake. Wahakiki wa *Gamba la Nyoka* (1979) ya Kezilahabi wamezoea kuuliza kama mwandishi aliunga mkono Ujamaa au aliupinga. Swali lenye manufaa zaidi ni nani katika riwaya hiyo analitamka neno, anamtamkia nani, na mwanakijiji anayehamishwa analirudisha kwa lafudhi ipi.