Anayejua Klorini Inakokwenda

Wageni wakisikia kwamba bwawa la hoteli ni la maji ya chumvi, wengi hudhani wameepukana na klorini. Hawajaepukana na chochote. Chumvi yenyewe ndiyo inayogeuzwa klorini: maji hupita kati ya sahani za titani zilizopakwa ruteni, umeme hupitishwa, na klorini huzaliwa humo humo ndani ya bomba. Inatosha chumvi ya gramu 3 hivi kwa lita, wakati bahari ina gramu 35. Bwawa la lita 50,000 humeza magunia matatu ya kilo 50, na anayeogelea haonji chumvi ya maana.

Ninayetaka kumsifu ni fundi anayetunza bwawa la namna hii huku Ayivu, upande mmoja wa jiji la Arua, siku kipimo kinapoonyesha klorini imeshuka. Meneja humwambia, "Fundi, tia dawa tu." Naye hujibu, "Ngoja kwanza, bosi, nijue inakokwenda." Swali lake ni hilo hilo kila mara: klorini haizaliwi, au huzaliwa ikaliwa?

Kabla ya yote hukishuku kipimo. Huzamisha kichupa mpaka maji yamfike kwenye kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji bwawani, hutia kidonge, hukiponda kwa kijiti na kusubiri rangi ya waridi. Rangi isipotokea, hakimbilii ndoo ya dawa. Huchota tena, safari hii akichanganya na maji yasiyo na klorini, kwa sababu klorini ikizidi sana huifuta rangi hiyo na kujifanya haipo. Nimeona watu wakimwaga dawa juu ya dawa kwa kutojua jambo hili dogo.

Akisharidhika kwamba imepungua kweli, hupima maji yanayotoka kwenye tundu lile lile alilolikwepa mwanzo. Yakiwa hayana klorini zaidi ya yale ya katikati ya bwawa, mtambo hauzalishi. Hapo huufungua na kumulika sahani kwa tochi. Ukoko mweupe wa chokaa ukiwa umeziganda, huziosha kwa asidi iliyozimuliwa, akimimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Hazikwangui kwa kisu: ukikwangua ile rangi ya ruteni umeua mtambo, na mwingine huenda ukalazimika kuuagiza Kampala.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha usiku. Jua likishazama hupima, huzima mtambo na kuacha pampu ikizungusha maji, kisha hupima tena alfajiri kabla jua halijagusa bwawa. Klorini ikipungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kinachoila gizani: mwani ambao jicho bado halijauona, majani ya mwembe yaliyooza nyuma ya ngazi, jasho na mkojo wa waogeleaji wa Jumapili. (Harufu kali inayochoma macho, ambayo watu huilaumu klorini, mara nyingi ni ya klorini iliyokwisha kushikana na uchafu huo. Klorini safi haba ndiyo kasoro.) Isipopungua, mwani hauna kosa. Mwizi ni jua, au mtambo haufui dafu.

Na jua la hapa si la mchezo. Arua iko nyuzi 3 tu kaskazini ya ikweta, mita 1,200 hivi juu ya bahari. Klorini isiyo na kinga hupoteza nusu yake kwa saa moja hivi ya jua la mchana. Kinga yake ni asidi ya sianuriki, na mvua kubwa ikifurisha bwawa, maji yanayomwagika huondoka nayo pamoja na chumvi. Ndiyo maana baada ya mvua fundi hupima vyote viwili kabla ya kugusa mtambo. Akiongeza chumvi hutaka iliyosafishwa, kama ile ya mashamba ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Ya Ziwa Katwe ni chumvi ya nyumbani, lakini ina magadi ndani yake, na bwawa hili halina haja ya magadi: mtambo wenyewe hupandisha pH kila unapofanya kazi, na pH ikifika 8, sehemu ya klorini yenye nguvu ya kuua vijidudu hubaki kama robo tu.

Kisha kuna umeme. Eneo hili la West Nile liliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, likitegemea mitambo ya mafuta na, tangu 2012, kituo cha Nyagak cha megawati 3.5. Pampu ikisimama, mtambo nao husimama, na hakuna klorini inayozaliwa. Fundi huyu huandika saa ambazo pampu ilizunguka kweli, si zile zilizopangwa kwenye saa ya ukutani. Mara nyingi daftari hilo humjibu kabla hajafungua bomba lolote.

Wenye hoteli wa Arua na Koboko, mkimpata mtu wa namna hii, msimharakishe. Mnunulieni vidonge vipya vya kupimia, na mviweke pahali pakavu pasipo joto. Vikishaharibika, hata fundi hodari husoma uongo.