Mfanano wa Umbo si Ushahidi wa Undugu: Uhakiki wa Dai kuhusu *mucho* na *much*

Miongoni mwa madai yanayorudiwa katika mijadala ya asili ya maneno ni kwamba neno la Kihispania *mucho* na la Kiingereza *much*, yote mawili yakitaja wingi, ni ndugu. Dai hili linavutia, kwani maumbo yanashabihiana, maana zinakaribiana, na inafahamika kwamba Kiingereza kimekopa sana kutoka Kilatini, lugha iliyozaa Kihispania. Hata hivyo, halisimami.

*Mucho* limetokana na neno la Kilatini *multum*. Katika Kihispania, mfuatano *-lt-* baada ya irabu *u* ulibadilika kuwa *ch* kwa utaratibu: *auscultare* 'kusikiliza' limezaa *escuchar*, na *cultellus* 'kisu kidogo' limezaa *cuchillo*. Ndugu halisi wa *mucho* katika Kiingereza ni *multitude* na *multiply*, ambayo ni maneno ya mkopo.

*Much* lina historia nyingine. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa *mycel* 'kubwa', na *ch* yake imetokana na *k* iliyokaakaishwa. Kwa mujibu wa kanuni aliyoifafanua Jacob Grimm mwaka 1822, *k* ya lugha za Kijerumaniki hulingana na *g* ya Kilatini, kama ilivyo katika *knee* na *genu* 'goti'. Kwa hiyo, ndugu wa *mycel* katika Kilatini ni *magnus* 'kubwa' na *magis* 'zaidi'. Nalo *magis* ndilo lililokuwa *más* katika Kihispania. Basi *much* lina undugu na *más*, wala si na *mucho*.

Kasoro ya dai hili ni ya kimbinu. Kinachothibitisha undugu ni ulinganifu wa sauti unaojirudia katika maneno mengi, si mfanano wa jozi moja. Kiswahili chenyewe kinatuonya: nomino *meza* imetoka katika Kireno *mesa*, ambalo asili yake ni *mensa* ya Kilatini, ilhali kitenzi *meza* ni cha Kibantu.

Aidha, hata undugu wa kweli unapothibitika, hatuna budi kuuliza kama ni wa kurithi au wa kukopa. *Multiply* halikifanyi Kiingereza kuwa tawi la Kilatini. Vivyo hivyo, orodha ya maneno ya Kiarabu katika Kiswahili, hata iwe ndefu kiasi gani, ni ushahidi wa mawasiliano tu. Haithibitishi nasaba ya lugha.