Njia ya Msalaba Isiyo na Maneno: Tathmini ya Kazi ya Justinian Tamusuza, kwa Msikilizaji wa Chake Chake

Utangulizi

Mtu aliyekulia Chake Chake akionyeshwa jina la Kiganda "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", neno moja atalitambua mara moja. Msalaba ni neno lenye asili ya Kiarabu. Watu wa pwani walilipokea, likasafiri kwa njia za misafara mpaka Buganda, na huko likawa omusaalaba. Jina hilo ni la kazi ya fidla mbili, viola moja na cello moja, iliyotungwa na Mganda Justinian Tamusuza. Makala hii inakusudia kuipima kazi hiyo kwa swali moja: je, muziki usio na neno hata moja waweza kuuhubiri msalaba?

Swali hili ni zito mahali kama Pemba, ambapo Wakristo ni wachache sana na jirani zao ni Waislamu. Huko neno lenyewe "msalaba" hutenganisha watu kabla mhubiri hajaanza kulifafanua.

Mtunzi na malezi yake

Tamusuza alizaliwa Uganda mwaka 1951, akalelewa katika muziki wa Kiganda na wa kanisa. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, chini ya mtunzi Kevin Volans, mzaliwa wa Afrika Kusini, kisha akaendelea Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Kundi la Kronos Quartet la San Francisco liliiingiza sehemu ya kwanza ya kazi tunayoizungumzia katika santuri Pieces of Africa ya mwaka 1992. Kwa njia hiyo jina la Tamusuza likafika mbali kuliko majina ya watunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaoandika muziki wa aina hii.

Hakuwa wa kwanza. Mganda mwenzake, Joseph Kyagambiddwa, alikwisha kutunga oratorio juu ya Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu huko Roma mwaka 1964. Lakini Kyagambiddwa alikuwa na maneno ya kuimbwa na habari ya kusimulia. Tamusuza alijinyima vyote viwili.

Kazi yenyewe

Asiyeujua muziki wa Kiganda yafaa kwanza aelewe amadinda, marimba yenye mbao 12. Mpigaji mmoja hupiga mfululizo wake. Wa pili huingiza sauti zake katikati ya zile za mwenzake. Wa tatu hurudia yatokeayo katika mbao mbili za mwisho. Wimbo ausikiao msikilizaji haukupigwa na yeyote kati yao peke yake, bali huzaliwa katika kupokezana kwao.

Tamusuza ameihamishia kanuni hiyo katika nyuzi. Vipande vifupi hurudiwa, hupishana na kusukumana, na mwendo haulegei. Wala chombo chenyewe si kigeni kwa msikilizaji wetu. Fidla imekwisha kuwa mwenyeji wa Unguja na Pemba kwa njia ya taarab, na chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja tangu mwaka 1905. Kwa hiyo anayedai kwamba Mwafrika apigaye fidla ameacha kwao, na aulize kwanza visiwani.

Tathmini ya kiteolojia

Hapa pana pingamizi. Muziki huu ni mchangamfu, karibu wa kucheza. Mkristo aliyezoea kuuwaza msalaba kwa tenzi za maombolezo atasema kwamba mtunzi amekosea jina. Pingamizi hilo halina budi kujibiwa, wala si kupuuzwa.

Jibu la kwanza limo katika jina lenyewe. Ekkubo ni njia, na njia ni ya miguu. Mtunzi anatuonyesha mwendo wa watu waendao pamoja, ambao hakuna hata mmoja wao aubebaye wimbo peke yake. Hapa twakumbuka Marko 15:21, ambapo Simoni mtu wa Kirene, yaani mtu wa Afrika, ashurutishwa kuuchukua msalaba usio wake. Twakumbuka pia Wagalatia 6:2. Mafundisho ya kuchukuliana mizigo, ambayo sisi huyaeleza kwa mahubiri marefu, hapa yamo katika muundo wa muziki wenyewe.

Hata hivyo, pingamizi halijaisha. Teolojia ya msalaba, kama Luther alivyoitetea Heidelberg mwaka 1518, haituruhusu kuifanya njia kuwa mbadala wa Golgotha. Kilio cha Marko 15:34 ni mahali ambapo mwendo husimama. Katika sehemu hii ya kwanza mwendo hausimami, wala hakuna pa kunyamaza. Lakini lawama si ya mtunzi. Kichwa kilichoandikwa kwenye santuri, "Ekitundu Ekisooka", maana yake ni sehemu ya kwanza tu. Soko la muziki lilichukua mwanzo wa njia na kuufanya kazi kamili, nasi wa kanisa hatukudai kilichosalia.

Hitimisho

Walutheri hatuna udhuru. Bach alikuwa kantori wa Leipzig tangu mwaka 1723, na ala zake huhubiri hata waimbaji wanyamazapo. Sharika zetu zimezaa nyimbo kama "Mfurahini, Haleluya" ya Bernard Kyamanywa, ambayo yaimbwa hata Ulaya. Lakini vyuo vyetu aghalabu vimeufundisha muziki kama mtumishi wa maneno, visiufundishe kama namna ya kufikiri.

Pemba ina ukumbusho wa jambo hili. Misheni ya Marafiki, waitwao Quaker, ilianzishwa huko Banani, karibu na Chake Chake, mwaka 1897, na watu waliotoka katika desturi ya kumngojea Mungu kwa ukimya. Walijua kwamba ushuhuda hauanzi kinywani. Mchungaji aliye kati ya jirani wasioamini kama yeye aweza kuwaalika waisikilize kazi ya Tamusuza kabla hajasema lolote, kisha ajibu watakayouliza. Lakini aitafute kazi nzima, asiishie katika sehemu ya kwanza.