Moyo wa Kima Juu ya Mkuyu

Kumtolea mtoto hadithi ni jambo moja. Kumwezesha atoke nayo nje, akaikute sokoni, baharini na katika maisha ya watu asiowajua, ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo ufundi wenyewe. Katika mwambao wa Afrika Mashariki ufundi huo ulikuwa mikononi mwa kina bibi. Ulianzia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!" ya usiku, ukaendelea kesho yake mchana, hadithi yenyewe ikiwa imekwisha kitambo.

Mfano wa kisa cha kima na papa unatosha. Kima anakaa juu ya mkuyu uliotupa matawi yake baharini, na kila siku anamtupia papa kuyu mpaka wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakifika katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo kauacha mtini, kwani ndiyo desturi ya kima wote wanaposafiri; warudi wakauchukue. Edward Steere alikichapisha kisa hiki mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, lakini vinywani kilikuwa kimeshazeeka.

Bibi anayeijua kazi yake hukisimamisha kisa papo hapo kilindini. Hana haraka. Anaendelea kukuna nazi, mbuzi inalia chini yake, machicha yanajaa sinia, na watoto wamemkodolea macho. Kisha anauliza, tena haulizi kisa kinafunza nini.

"Haya, mume wangu, kilindi kinaanzia wapi?"

Mjukuu aliyezoea kuchezea maji ya ufukweni anabahatisha. Yule anayefuatana na baba yake kuvua anajibu kwamba ni pale maji yanapoacha ukijani yakawa meusi.

"Na papa mmemwona wapi?"

"Jikoni!"

Kweli, kipande cha ng'onda kimening'inia juu ya moshi. Kinateremshwa, kinanuswa, ngozi yake inapapaswa kutoka mkiani kwenda kichwani: inakwaruza kama msasa. Sasa watoto wanajua kima alikalia nini safari nzima.

Kutoka jikoni hadi ng'ambo ni hatua chache. Kaskazi ilipovuma, tangu Desemba hadi karibu Machi, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na India na tende na vitambaa. Kusi ilipoingia yalirudi na boriti za mikoko. Ni vigumu kuamini kwamba hadithi hazikupanda vyombo hivyo hivyo. Katika Panchatantra ya Kihindi kima yuko juu ya mzambarau na rafiki yake ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, iliyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, mti ni mtini na rafiki ni kasa. Unguja mti ni mkuyu, na mwenye hila ni papa. Kila bandari ilimvua mnyama wake, ila ule moyo uliosahaulika juu ya mti haukuguswa na mtu. Mtoto aliyeonyeshwa hayo huitazama ramani ya Bahari ya Hindi kwa jicho la mtu mwenye jamaa huko.

Ustadi mkubwa zaidi ni kujua pa kunyamaza. Kila mara mtoto mmoja atauliza: "Na sultani alipona?" Kisa hakisemi, na bibi hakijazii. "Kamuulize papa," anamjibu. Swali hilo hulala na mtoto, likakua naye, mpaka siku atakapojiuliza kwa nini mgonjwa mkubwa atibiwe kwa moyo wa mdogo.

Siku hizi hadithi hufuatwa na swali ambalo jibu lake limeshaandaliwa: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto anaandika kwamba tusiwaamini marafiki wabaya, anapata vema, daftari linafungwa. Kilindi, kusi, kaskazi na ugonjwa wa sultani vyote vimebaki nje ya mlango. Simu nayo inatoa hadithi kwa sauti safi na picha zinazotembea, wala si za kubezwa, ila haijui kusimama baharini ikamngoja mtu afikiri. Na tui limo kwenye pakiti. Mbuzi ya kukunia imetupwa stoo, pamoja na ile nusu saa iliyokuwa haina kazi nyingine isipokuwa mazungumzo.

Sokoni Unguja papa mkavu bado anauzwa. Watoto humpita wakiziba pua.