Mshahara ulipimwa, foleni haikupimwa: kukisoma upya kitabu cha Knight na Sabot

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ile kauli hurudi mezani: soma, kila mwaka wa shule unaongeza kipato. Wazazi wanaisema bila namba, wachumi wanaisema kwa namba. Fomula yenyewe ni maarufu kwa jina la Jacob Mincer, mchumi wa Marekani, na kitabu chake cha 1974. Chukua mishahara ya watu wengi, ilinganishe na miaka waliyokaa shuleni na miaka waliyokaa kazini, halafu uone mstari unavyopanda. Nchi nyingi mno zimeshapimwa hivyo, na kwa kawaida mstari unapanda.

Sawa. Ila unapanda kwa sababu gani? Huenda shule inafundisha kitu na mwajiri anakilipia. Huenda waliofika mbali walikuwa vichwa tangu darasa la kwanza, wangelipwa vizuri hata bila shule. Au huenda ni cheti tu. Mwaka 1973 Michael Spence alionyesha kwa hesabu kwamba cheti kinaweza kulipa hata kama darasani hukujifunza chochote, mradi tu kukipata kuwe rahisi kwa mwenye uwezo na kugumu kwa asiye nao. Mwajiri haoni kilichomo kichwani mwako, anaona karatasi. Na jibu lina uzito: kama ni karatasi tu, serikali ikiongeza shule inarefusha foleni, basi.

Hapo ndipo kinapoingia kitabu ambacho nadhani kila mwanafunzi wa uchumi wa ukanda huu angepaswa kukisoma kabla ya kurudia ile kauli: *Education, Productivity, and Inequality: The East African Natural Experiment*, cha John Knight na Richard Sabot, kilichotoka mwaka 1990. "Jaribio la asili" maana yake jaribio ambalo hakuna mwanasayansi aliyelipanga, limejitokeza lenyewe. Kenya na Tanzania zilitoka kwenye utawala mmoja wa Mwingereza, shule zao zikifanana kwa mengi, kisha zikaachana njia. Kenya iliacha sekondari ziongezeke, zikiwemo zile za harambee zilizojengwa kwa michango ya wazazi. Tanzania ikaweka nguvu kwenye elimu ya msingi kwa wote, hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974, na sekondari za serikali ikazibana kulingana na kazi ilizopanga kuwa nazo.

Mwaka 1980 watafiti wakaingia Nairobi na Dar es Salaam kuwahoji waajiriwa. Kilichonivutia ni kwamba hawakuishia kuuliza "umesoma hadi darasa la ngapi?" Baadhi ya waliohojiwa walipewa mtihani wa kusoma na kuhesabu, halafu wakapewa na mafumbo ya Raven, yale ya picha yenye kipande kimoja kilichokosekana nawe unachagua kinachofaa. Mafumbo hayahitaji kusoma, kwa hiyo yanakusudiwa kupima uwezo wa kufikiri wenyewe. Sasa unaweza kuwaweka pamoja watu wenye cheti kilekile na kuuliza: anayelipwa zaidi ni yupi?

Jibu lilikuwa zuri kwa walimu. Katika miji yote miwili, stadi za kusoma na kuhesabu zilikwenda pamoja na mshahara mkubwa zaidi, hata kati ya watu wa kiwango kimoja cha elimu. Uwezo wa mafumbo peke yake ulileta tofauti ndogo. Faida yake kubwa ilikuwa kumsaidia mtu ajifunze. Fomu foo aliyetoka shuleni mtupu hakulipwa sawa na fomu foo aliyetoka na kitu.

Kitabu kikaona na jambo la pili, na hili tunaliishi mpaka leo. Nairobi, kadiri wahitimu wa sekondari walivyoongezeka, waliokuja nyuma waliteremka ngazi. Kazi za ofisini zilikuwa zimeshajaa, wakaanza kuchukua kazi za mikono zilizokuwa za waliomaliza shule ya msingi. Cheti ni kilekile, kiti kimebadilika. Kwa hiyo ukimuuliza mtu "fomu foo inalipa kiasi gani?" inabidi umuulize pia "ya mwaka gani?"

Sasa lawama zangu. Ya kwanza ni ya kiufundi. Stadi zilipimwa mtu akiwa tayari kazini. Karani anayesoma barua kutwa kwa miaka kumi habaki sawa na mwenzake wa darasa moja aliyekuwa akikoroga zege miaka hiyohiyo. Yawezekana basi, kwa kiasi fulani, kazi nzuri ndiyo iliyozihifadhi stadi, na mshale unaelekea upande mwingine. Matokeo hayavunjiki kwa hoja hii, ila mtu asiyasome kana kwamba mtihani ulifanyika siku ya kuhitimu.

Ya pili ndiyo kubwa. Waliopimwa ni waajiriwa. Aliyezunguka na bahasha ya vyeti mwaka mzima akarudi kijijini hayumo, na muuza mitumba hayumo. Na si kwamba watu hawa walikuwa hawajagunduliwa: ripoti ya ILO kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyolipa umaarufu jina la "sekta isiyo rasmi". Nakubali kwamba kipato cha mama ntilie ni kazi ngumu kukipima, hana hati ya mshahara na mtaji wake umechanganyika na chakula cha watoto. Lakini ukiwaacha nje, unachopima ni malipo ya walioingia getini.

Kijana haamui hivyo. John Harris na Michael Todaro walishaandika mwaka 1970 kwamba anayehamia mjini anatazama mshahara mara uwezekano wa kuupata. Tuseme shahada inakupeleka kwenye kazi ya shilingi 800,000 kwa mwezi, lakini anayeipata ni mmoja kati ya wanne. Kwa hesabu hiyo, matarajio yako ni 200,000 ukiwa bado mtaani. Fundi wa kuchomelea mwenye 350,000 za uhakika amekupita, ingawa kwenye jedwali la mishahara utamwona yuko chini yako. Hizo ni namba za mfano. Za kweli hazifariji: mwanzoni mwa 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, maombi yakapita 130,000. Ni watu zaidi ya 80 kwa kiti kimoja. Na mkopo wa HESLB, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara, unabaki kuwa deni hata kama mshahara haujaja.

Kinachoweza kuziba pengo hili ni utafiti unaoanzia kwenye daftari la darasa badala ya orodha ya mishahara. Upo. Magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa shule za msingi za Busia waliokuwa kwenye mradi wa dawa za minyoo ulioanza 1998 wamefuatiliwa hadi utu uzima, popote walipohamia. Owen Ozier alitumia takwimu hizo, katika makala ya 2018, kulinganisha waliopita kidogo tu alama za kuingia sekondari ya serikali na waliozikosa kidogo tu, yaani watoto wanaofanana karibu kwa kila kitu. Sekondari iliongeza alama zao kwenye mitihani ya stadi walipokuwa watu wazima, na hapo Knight na Sabot wanapata shahidi mzuri. Kwa wanaume ilipunguza uwezekano wa kuishia kwenye shughuli ndogondogo zisizohitaji ujuzi. Kuhusu ajira rasmi kulikuwa na dalili tu, na aliyeikosa naye amehesabiwa humo.