Tovuti ikishindwa kutafuta, tusikilaumu Kiswahili

Juma lililopita nilikuwa Gatitu, si mbali na mji wa Nyeri, nikisubiri kuchapishiwa karatasi katika saiba. Kando yangu aliketi shosho aliyekuja kumwombea mjukuu wake yatima basari. Muda wa kutuma maombi ulikuwa unaisha jioni hiyo hiyo. Tovuti ya taasisi husika, ambayo sitaitaja, ina sehemu nzima ya Kiswahili. Nilifurahi kuiona, ila furaha yangu haikudumu.

Kijana wa saiba aliandika "basari" kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna kitu. Akaandika "cheti cha kifo", maana shosho alitaka kujua iwapo cha baba mtoto pekee kingetosha. Hakuna kitu. Hatimaye akageuza ukurasa ukawa wa Kiingereza, na fomu ikajitokeza mara moja.

"Unaona, Prof?" akaniambia. "Kiswahili ni cha mashairi. Kazi ni Kiingereza."

"Basi mnisomee," shosho akasema. "Mimi hicho sikijui."

Kauli ya kijana yule ilinikera, nami niliporudi nyumbani nikaipekua tovuti ile ukurasa baada ya ukurasa. Niliyoyaona yananifanya niseme kwamba mshtakiwa siye.

Kosa la kwanza liko kwenye vibao vinavyomwelekeza mgeni. Kitufe cha kurudi ukurasa wa kwanza kimeandikwa "Nyumbani". Shosho aliposomewa aliuliza, "Nyumbani kwa nani?" Swali lake lina mantiki. Mwingereza analiita hivyo kwa desturi yake. Sisi tuna "Mwanzo". Chini yake kuna "Viungo vya Haraka", utadhani ni bizari na iliki za pilau la kukimbiza. "Huduma zinazotafutwa sana" ingetosha. Aliyetafsiri alitazama neno moja moja, hakumtazama anayetafuta njia.

La pili ni msamiati. Tovuti inazungumzia "ufadhili wa masomo". Ni istilahi safi, siikatai. Lakini sokoni, kanisani na kwa chifu, watu husema basari. Tovuti nzuri huweka maneno yote mawili nyuma ya pazia, ili anayeandika hili apelekwe penye lile. Hapa nami nina hatia. Nimekaa katika vikao vya istilahi tukibishana hadi magharibi kama tuseme tarakilishi au ngamizi, na sikumbuki hata siku moja tulipomuuliza mtu wa saiba yeye huandika nini.

La tatu ndilo zito, nalo ni la kiisimu. Programu nyingi za kutafuta zilijengwa kwa kuzingatia Kiingereza, lugha ambayo mabadiliko mengi ya neno hutokea mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni mashuhuri za kukata viambishi tamati vya Kiingereza ili neno na jamaa zake wapatikane pamoja. Ukizileta kanuni hizo kwa Kiswahili, zinakata mkia ilhali mabadiliko yako kichwani. Tovuti ile ina maelezo kuhusu "vyeti vya vifo". Kijana aliandika "cheti cha kifo". Linganisha, msomaji: cheti na vyeti, cha na vya, kifo na vifo. Hakuna hata neno moja lililofanana! Kati ya cheti na vyeti, mashine isiyojua ngeli inabaki na "eti" tu.

Wenyeji wa Gatitu wanalijua hili bila kwenda chuoni. Kwa Gĩkũyũ, mũtitũ ni msitu. Gatitũ ni msitu mdogo. Maana imegeuzwa mbele ya shina, wala hakuna anayepotea.

Isitoshe, swali hili si geni. Watunzi wa kamusi walilikabili zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliyaweka maneno mengi chini ya mizizi yake, hivyo "msomaji" ukamtafuta penye "soma". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, 1981, ikamweka msomaji kwenye M. Kila njia ina faida na hasara, ila wote walijiuliza kwanza msomaji atafungua wapi. Hata kwa upande wa tarakilishi, tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amekuwa akiunda programu za kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Kwa hivyo maarifa yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaagiza na kuyalipia.

Nawapendekezea wenye tovuti mambo mawili. Kwanza, wahifadhi orodha ya maneno yote ambayo watu huandika na kukosa jibu, kisha waisome kila mwezi. Orodha hiyo ni kamusi ya bure. Pili, kabla ya kuzindua sehemu ya Kiswahili, waketi saiba siku moja na watu watano wasiowajua, wawatazame wakitafuta, wala wasiwasaidie.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kutafsiri kurasa na kuacha kisanduku cha kutafutia kikiwa kiziwi ni kuitimiza Katiba nusunusu. Hasara yake hailipwi na taasisi. Pale saiba hulipa kwa dakika, na dakika zote tulizozipoteza tukikitafuta "cheti cha kifo" zilitoka kwenye kitambaa alichofungia shosho pesa zake.