Rangi Haisagi: Kuchagua Mashine Ndogo ya Kusaga Mpanda

Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, tayari ulikuwa nchi ya mahindi na mpunga. Mtu wa Mpanda, Nsimbo au Mpimbwe anayetaka kusagia nyumbani hakosi nafaka. Anachokosa mara nyingi ni jicho la kuchagua mashine. Anaona rangi mpya na mota kubwa, analipa. Mimi naomba kwanza mkanda uvuliwe, kifuniko kifunguliwe, nizungushe rota kwa mkono.

Rota iliyosawazishwa husimama popote. Ipige alama ya chaki, izungushe mara kadhaa. Upande uleule ukirudi chini kila mara, huo ni mzito, na uzito huo ukizungushwa mara 3,000 na zaidi kwa dakika utakula beringi, utalegeza nati na kupasua sehemu zilizochomelewa. Msingi wa zege hauponyi kasoro hiyo. Fundi wa kweli hupima nyundo za rota, yaani vyuma vinavyoponda nafaka, kwenye mizani na kuzipanga ili zinazoelekeana zilingane. Muulize. Akikuonyesha mizani, umepata fundi.

Nyundo nazo zina habari zake. Za chuma laini huisha pembe upesi, na unga unageuka chenga. Za chuma cha springi ya gari hudumu. Napenda nyundo yenye tundu kila ncha, kwa sababu pembe moja ikilika unaigeuza, na zote nne zinafanya kazi. Ukibadilisha moja, badilisha na inayoielekea.

Chekeche lishike kuelekea jua. Matundu yawe ya mviringo, kingo zake zisiwe zimechanika. Kwa unga wa ugali, milimita 1 au pungufu kidogo. Kwa chakula cha kuku, milimita 3.

Kwenye umeme wa njia moja, mota ya kilowati 2.2 inatosha familia na majirani wachache. Zaidi ya hapo fikiria njia tatu. Piga hesabu ya puli kabla ya kulipa: mota ya mizunguko 1,450 yenye puli ya milimita 200, ikivuta puli ya milimita 90, itaizungusha shafti takriban mara 3,200 kwa dakika. Beringi ziwe za namba zinazouzwa kila duka, mfano 6308. Reli ya kutoka Kaliua inaishia hapa Mpanda, na kipuri cha kuagizwa mbali kinaweza kukulazia kazi.

Kisha saga debe zima la mahindi yako mwenyewe, makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Shika unga unapotoka. Vuguvugu ni kawaida. Ukichoma kiganja, chekeche limeziba, nyundo ni butu au mahindi hayajakauka. Hata unga mzuri uache upoe kabla ya kufunga mfuko, la sivyo mvuke utauvundisha.

Mpunga usiupeleke kwenye nyundo. Una mashine yake ya kukoboa, na yenye rola za mpira huvunja punje chache kuliko ile ya chuma. Mchele wa Mpimbwe unastahili hiyo.

Dai sumaku mdomoni mwa mashine, inase misumari. Na kifuniko cha mkanda kisikosekane: nyumbani kuna watoto, usiiwashe bila hicho hata kwa majaribio.